Kanda Niliyoambiwa Niitunze

Nilimdanganya anti yangu kwamba tunakwenda kambi ya maombi. Uongo huo niliuchapa mwenyewe kwenye mashine ya kazini, River Road, karatasi moja tu ya rangi ya maziwa, yenye msalaba mdogo juu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Duka letu la uchapishaji lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya mtu aliyeuza misumari na rangi. Tulichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za makanisa na zile karatasi za mazishi zenye picha ya marehemu akitabasamu. Kupanga maneno yaonekane ya kuaminika ndiyo kazi niliyoijua zaidi duniani.

Niliishi Woodley na anti, dada mdogo wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa darasa la sita, na anti akaja Kitui kunichukua, akanilea katika nyumba yake ya kaunsili, mimi na kuku wake watatu. Hakujaliwa mtoto. Mchana alikuwa mtumishi wa serikali, akipika chai na kupeleka mafaili katika ofisi ya wizara mjini. Nje ya hapo alikuwa mama wa kanisa. Aliongoza ushirika wa kina mama wa Alhamisi, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na kitambaa chake cheupe cha kichwa kilipigwa pasi kila Jumatano.

Mimi nilipewa jina la nyanya, mama yao. Kwa hiyo anti aliniita mwaitu, yaani mama, kama Wakamba wengi wanavyomwita mtoto aliyebeba jina la mzazi wao. "Mwaitu, kunywa chai ikiwa moto." "Mwaitu, umefungia kuku?"

Habari za nyanya mwenyewe alinisimulia mara moja tu, Jumapili moja ya mvua tukichambua maharagwe. Nyanya alikuwa mpigaji wa kilumi, ngoma ya wanawake wazee ya kuomba mvua na kutuliza wagonjwa. Anti akiwa msichana wa miaka kumi na minne ndiye aliyemwimbia mbele, kwa sababu sauti yake ilipanda bila kukwaruza. Kisha alikwenda shule ya misheni, akaokoka, akaambiwa ngoma ile ni ya mapepo, akaiacha. Nyanya alipofariki, wanawake wenzake wa ngoma walikuja kumwimbia kaburini. Anti, akiwa na kitambaa chake cha kanisa, alisimama mlangoni akawazuia.

"Niliwarudisha," aliniambia. "Walikuwa wametembea tangu asubuhi, na mmoja alikuwa amebebwa mgongoni."

Akainuka kwenda kuangalia kama kuku wameingia. Hakulitaja jambo hilo tena. Mimi nililiweka moyoni, na nasikitika kusema kwamba sikuliweka kama siri. Niliona tu kuwa nina kitu ambacho wengine hawana.

Kikundi cha muziki nilikijulia dukani. Mwalimu mmoja wa shule ya upili alikuja kuchapisha mabango, tukaongea, akanialika. Walikutana Jumamosi katika ukumbi mdogo karibu na Dagoretti Corner, watu kama kumi na wawili wa kazi mbalimbali, wakipiga ngoma, zeze, filimbi na kayamba, na kufundishana nyimbo za kwao. Sikuwa na kipaji. Nilipewa kayamba. Aliyenisaidia ni fundi wa redio kutoka Uthiru, mwanamume mpole aliyekuja kila wiki na mashine yake ya kurekodi kwenye kanda. "Dada, legeza mabega," aliniambia. "Hiyo kayamba si mwizi, huishiki hivyo." Nikacheka, nikalegeza, na kuanzia siku hiyo nikaweza kufuatana na wenzangu.

Kila likizo ya Agosti kikundi kilipiga kambi ya siku mbili katika msitu wa Ngong. Mwaka wangu wa pili, mwalimu alisema, "Safari hii kila mtu alete wimbo mmoja wa kwao. Sio wa kaseti. Wimbo ametoa kwa mtu."

Wakaanza kutaja. Mmoja angeleta wimbo wa baba yake wa kuchunga, mwingine wa kubembelezea mtoto. Zamu yangu ilipofika macho yote yakanigeukia, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mimi sileti wimbo. Mimi naleta mwenye wimbo."

Walipiga makofi. Nilirudi nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyotoka.

Ndipo nikachapa karatasi ile. "Kambi ya Nyimbo na Maombi," niliandika, na chini yake mstari wa Zaburi. Nilijiambia kwamba neno la nyimbo ni kweli, kwa hiyo ni nusu ya uongo tu. Anti aliisoma mara mbili akiwa amevaa miwani, akafurahi kwamba nimemkumbuka katika mambo ya Mungu. Alhamisi kina mama walimwombea safari njema. Alifunga Biblia, kitabu cha nyimbo, blanketi, leso mbili na chupa ya chai, na kuku akawaachia jirani.

Tulifika msituni Jumamosi asubuhi. Miti ilikuwa bado inadondosha umande, mahema yalikuwa yameshasimikwa, na askari wa msitu alikuwa akihesabu watu ili aandike kwenye daftari lake. Chini ya turubai kubwa la bluu palikuwa na ngoma tano.

Anti alizitazama. "Mwaitu, pasta ako wapi?"

"Anakuja, anti."

"Na hizo ngoma ni za nini?"

"Za kusifu."

Akakaa juu ya begi lake, Biblia mapajani, akingoja. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Watu waliimba wimbo wa kuvuna, wakaimba wa kumtania bwana harusi. Hakuna aliyefunga macho wala kusema amina. Karibu saa sita alinipungia mkono nisogee. Alikuwa ameitoa ile karatasi ndani ya Biblia.

"Hii karatasi ni wewe ulichapa."

Nilitazama ule msalaba mdogo.

"Nilishangaa," akasema taratibu. "Nilishangaa mbona haina namba ya simu ya kanisa."

Nilidhani atabeba begi aondoke. Badala yake aliinuka akaelekea jikoni, penye mafiga matatu, akawaondoa waliokuwa wakipika githeri ya mahindi na maharagwe. Alisema wameweka chumvi kabla maharagwe hayajaiva, na kwamba watu wazima hawawezi kulishwa mawe. Alipika kwa hasira, bila kunitazama. Watu walikula wakarudia, wakamwita mama, wakamshukuru, na nikaona bega lake moja likishuka kidogo.

Mvua ilianza baada ya chakula. Sote tulijibana chini ya turubai, na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, kijana mmoja wa kikundi alichukua ngoma ndefu akaanza kupiga mdundo aliosema ni wa Ukambani, ameusikia kwenye sherehe za shule. Alikuwa akiukosea. Hata mimi nisiyejua kitu nilihisi unajikwaa. Anti alikuwa ameshika mwiko. Nilimwona akigonga kifuniko cha sufuria, polepole, mara moja, mara mbili, akimrekebisha kijana yule bila kusema neno. Kijana akamfuata. Anti akagonga tena, na mdundo ukakaa sawa.

Akaimba.

Nimesikia anti akiimba kanisani miaka yote, lakini sauti hii sikuijua. Haikuwa tamu. Ilitoka chini sana, ikapanda kama mtu anayepanda mlima akiwa amebeba maji kichwani, ikasimama juu bila kutikisika. Maneno yalikuwa ya mwanamke anayeyauliza mawingu yamekwenda kulala kwa nani, na kama huko wanajua kuyapikia. Wakamba wawili waliokuwepo walianza kumwitikia. Mvua ilipiga turubai, na anti alikuwa amefumba macho, mwiko mkononi, machozi yakifuata mikunjo ya mashavu yake hadi kidevuni. Nilijua yuko wapi. Alikuwa mlangoni kwao Kitui, mbele ya wale wanawake, na safari hii alikuwa akiwafungulia.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Alijifuta kwa leso, akawatazama watu wote.

"Huo ni wa mama yangu," akasema. "Nimemwimbia yeye. Wimbo usitoke hapa, tafadhali. Mimi ni mtu wa kanisa."

Wote waliahidi. Kisha akaiona mashine ya fundi, taa yake nyekundu ikiwaka.

"Na hiyo?"

"Imeshika, mama," fundi alisema kwa aibu. "Nilikuwa nimeiwasha tangu saa ile ya kijana. Naweza kufuta."

Anti alifikiri. Naamini hapo ndipo angeweza kusema futa, na maisha ya watu watatu yangekwenda njia nyingine. Lakini hakuweza kufuta sauti ya mama yake mara ya pili. "Usifute. Mpe mwaitu atunze. Isichezwe mahali popote."

Fundi alitoa kanda, akaifunga kwa karatasi, akanipa. Niliipokea kwa mikono miwili, mbele ya watu wote.

Nyumbani hakunigombeza kuhusu ile karatasi. Alisema tu, "Siku nyingine niambie ukweli. Pengine ningekataa, lakini ungekuwa umeniambia." Niliona nimesamehewa, na msamaha ule ulinifanya jasiri vibaya.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo redio za lugha za nyumbani zilikuwa zikizaliwa moja baada ya nyingine. Miezi minne baada ya kambi, mtangazaji wa redio moja ya Kikamba alikuja dukani kuchapisha kadi. Alikuwa mtu wa maneno, anacheka na kila mtu. Akalalamika kwamba hapati nyimbo za wazee. "Zile za mvua ndizo zimepotea kabisa," akasema. "Hakuna mtu yuko nazo."

"Mimi niko nazo," nikasema.

Alinitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimesubiri mtazamo ule maisha yangu yote, nadhani. Kesho yake niliitoa kanda chini ya masweta yangu nikampelekea. Nilimsihi asitaje mwimbaji, akaahidi. Nikajiambia kwamba wimbo usio na jina hauwezi kumdhuru mtu.

Waliucheza Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimefungua redio dukani mapema. Mtangazaji alisema umeletwa na dada mmoja wa Nairobi anayependa mambo ya kwao, kisha sauti ya anti ikajaa chumba, na bosi wangu, ambaye si Mkamba, akasimamisha mashine ili asikilize. Ningependa kusema kwamba niliogopa. Nilifurahi.

Mama mmoja wa ushirika wa Alhamisi alifungua redio wimbo ukiwa katikati. Alikuwa ameimba nyuma ya anti kwa miaka tisa. Hakuhitaji kutajiwa jina.

Wazee wa kanisa walimwita anti Ijumaa jioni. Aliporudi nilikuwa jikoni. Alivua kitambaa cheupe, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye droo ya vijiko, mahali ambapo hakijawahi kukaa.

"Nimewekwa nyuma miezi sita," akasema. "Sitashiriki Meza ya Bwana. Na ushirika wamepea mwingine."

"Kwa nini?" niliuliza, ingawa miguu yangu ilishajua.

"Ule wimbo ulitoka kwa redio. Waliniuliza kama ni mimi, nikasema ni mimi. Ningesema nini?" Akakaa. "Ni yule fundi. Alibaki na kopi."

Nilikuwa nimeshika birika. Nilikuwa na nafasi nzima ya kusema, jikoni, sisi wawili tu, mtu aliyenilea na mimi.

"Labda," nikasema.

Jumamosi alivaa koti lake la kazini akaniambia twende ukumbini. Njia yote nilitafuta maneno ya kumzuia, nikakosa hata moja ambalo halingenifichua. Kikundi kilikuwa kinaanza mazoezi. Anti alitembea moja kwa moja hadi kwa fundi, mbele ya kila mtu.

"Nilikuamini," alimwambia. Hakupaza sauti. "Ulitupea kanda nikadhani imeisha. Kumbe ulikuwa na ingine."

Fundi alisimama. "Mama, ilikuwa moja tu. Mashine yangu hata haina pahali pa kutoa kopi. Kanda iko na huyu dada."

Wote wakanitazama. Mwalimu akaniuliza, "Kanda iko wapi?"

"Iko nyumbani," nikasema. "Haijatoka."

Fundi alinitazama kwa muda mrefu. Alielewa, niliona akielewa, uso wake ukabadilika kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nilingoja aseme. Hakusema. Sijui kama alinihurumia mimi, au aliona hakuna atakayemwamini kuliko mtoto wa mwenye wimbo. Mwalimu akamwambia, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, kwamba pengine apumzike kwanza hadi mambo yaeleweke. Fundi alikunja waya zake moja moja, akaweka mashine kwenye mkoba, akaondoka. Mimi nikachukua kayamba nikapiga hadi mwisho wa mazoezi.

Sikurudi kikundini baada ya siku hiyo. Kanda haikurudi pia. Nilipokwenda kuiuliza, mtangazaji alikuwa amehamia redio nyingine na hakuna aliyejua imewekwa wapi. Anti hakuwahi kuniomba aione. Alikaa benchi la nyuma miezi yake sita, Jumapili baada ya Jumapili, nami nikiwa pembeni yake nikimfungulia kitabu cha nyimbo. Adhabu ilipokwisha walimrudisha kwenye Meza lakini si kwenye uongozi. Alisema ni sawa, amezeeka.

Miaka miwili ilipita kabla sijasema. Alikuwa amestaafu na anajiandaa kuhamia Kitui. Tulikuwa sakafuni mchana, tukifunga vikombe kwa magazeti. Hakuna kilichonisukuma siku hiyo. Niliona tu kwamba ataondoka na kila kitu chake isipokuwa ukweli huo.

"Anti, kanda nilitoa mimi. Nilipeleka redio mwenyewe. Fundi hakujua kitu."

Aliendelea kufunga kikombe alichoshika hadi kikaisha, akakiweka ndani ya sanduku. Nilingoja aniulize kwa nini. Nilikuwa nimetayarisha jibu kwa miaka miwili.

"Na yule fundi?" akauliza. "Unajua ako wapi?"

"Uthiru. Sijamwona tena."

"Nilimwaibisha mbele ya watu," alisema, akiongea na vikombe zaidi kuliko na mimi. "Mtu wa watu. Na wewe ulikuwa umesimama hapo." Kisha akaniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hakuwahi kulitumia tangu nilipokuwa mtoto, na akasema, "Kesho tutaenda."

Kesho yake asubuhi tulikwenda Uthiru. Tuliuliza kwa mwenye duka la dawa, tukaelekezwa kibanda cha mabati karibu na barabara, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa ndani, amenenepa kidogo, kichwa kimeinamia waya. Alipoinua macho alimtambua anti kwanza.

Anti hakungoja kukaribishwa. "Nimekuja kuomba msamaha," alisema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, mama wa miaka sitini mbele ya mtu wa umri wa kuwa mwanawe. "Nilikusingizia. Nimejua jana."

Fundi alishikwa na haya kuliko yeye. "Mama, kaa," alisema. "Kaa kwanza." Akamfutia stuli, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akamsogezea sukari. Anti alimuuliza kama bado anarekodi. Akasema hapana. Habari ile ilimfikia kila mtu wa muziki aliyemjua, watu wakaogopa kumwimbia, mwishowe akaiuza mashine. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia. Anti alilia. Akamwambia kwamba akija Kitui atamchinjia kuku, na fundi akacheka kidogo, akasema kuku hakataliwi.

Nami nikamwambia fundi neno nisamehe. Nililisema wazi, na kwa sauti ya kusikika, nikieleza kwamba nilidanganya pale ukumbini nikijua ninachofanya. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia, dada," akasema.

Akachukua bisibisi na kuendelea kumsimulia anti habari za mke wake na watoto. Kibandani palikuwa na stuli mbili tu. Nilisimama pale mlangoni karibu saa nzima, nikiwapisha wateja walioingia na kutoka, hadi anti alipomaliza chai yake.